Wharram Percy: nani aliyekihamisha kijiji?

Mwaka 1517 makamishna wa Mfalme Henry wa Nane walizunguka majimbo ya Uingereza wakiandikisha mabwana wenye ardhi waliobomoa nyumba za wakulima na kugeuza mashamba kuwa malisho. Huko Yorkshire, chini ya jina la Baron Hilton, waliandika shtaka fupi: katika Wharram Percy plau nne zimesimamishwa, na nyumba nne zimeachwa zianguke.

Shtaka hilo limegeuka kuwa hukumu. Uliza jinsi Wharram Percy ilivyokufa, nayo ndiyo mahame yanayojulikana kuliko yote ya Uingereza, na jibu litakuja haraka: bwana aliwafukuza watu akaweka kondoo. Wengine watakuambia ni tauni ya mwaka 1349. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yanaruka jambo lililo wazi katika maneno ya makamishna wenyewe. Nyumba nne tu. Kijiji hiki kiliwahi kuwa na kaya thelathini na zaidi. Anayetaka kujua nani aliyekihamisha hana budi kuuliza kwanza hao wengine waliondoka lini, na nini kiliwaondoa.

Wharram Percy iko kwenye vilima vya Yorkshire Wolds, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kusini-mashariki mwa mji mdogo wa Malton. Ni nchi ya mawe ya chaki. Udongo wake ni mwembamba, mvua ikinyesha maji yanazama chini, na chemchemi ni chache. Ndiyo maana kanisa na bwawa viko chini bondeni, penye maji, na nyumba za wakulima zilipangwa kwa safu juu ya ukingo wa kilima. Kila nyumba ilikuwa na kiwanja chake na kitalu nyuma yake, na nje ya hapo yalianza mashamba ya wazi, yaliyogawanywa vipande virefu vyembamba ili kila kaya ipate sehemu yake ya udongo mzuri na udongo mbaya. Mahali hapa pametajwa katika Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya ardhi za Uingereza iliyoandikwa kwa amri ya mfalme. Jina la Percy liliongezwa baadaye, kutokana na ukoo uliopamiliki, ili pasichanganywe na jirani yake Wharram-le-Street.

Kwa muda kijiji kilikuwa na mabwana wa koo mbili, Percy na Chamberlain, kila mmoja na makao yake. Mwaka 1254 Percy walipata sehemu ya Chamberlain, na makao ya kusini hayakuwa na kazi tena. Eneo lake likakatwa viwanja vya wakulima. Karne saba baadaye wachimbaji waliokuwa wakitafuta nyumba ya mkulima walikuta chini yake chumba cha mawe yaliyochongwa vizuri cha karne ya 12, ghala la bwana ambaye hakuna aliyekumbuka kuwa aliishi pale.

Wengi wa wakulima hao walikuwa watwana. Hawakuuzwa sokoni kama watumwa, lakini hawakuwa huru. Mtwana alifungamana na ardhi ya bwana wake, hakuondoka bila ruhusa, alitoa siku za kazi kwenye shamba la bwana, alilipia ruhusa ya kumwoza binti yake, na akifa, bwana alichukua mnyama aliye bora zizini. Baada ya hapo kanisa lilidai zaka. Hali hii itakuwa na uzito mkubwa mbele, kwa sababu mtu aliyefungwa kwa namna hiyo, siku kamba ikilegea, ana kila sababu ya kwenda zake.

Majira arobaini ya kuchimba

Mwaka 1948 Maurice Beresford, mhadhiri wa historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Leeds, alifika mahali hapa na kuyatambua matuta yaliyokuwa yakiota majani kuwa ni misingi ya nyumba. Mwaka 1950 alianza kuchimba, bila mafunzo ya akiolojia. Muda si mrefu akaungana naye John Hurst, ambaye yeye alikuwa mwanaakiolojia hasa. Tangu hapo kila kiangazi hadi 1990 watu wa kujitolea walikuja kuchimba. Badala ya kukata mitaro myembamba kama ilivyokuwa desturi, walifunua eneo zima la nyumba kwa pamoja, tabaka baada ya tabaka, na njia hiyo ikaigwa na wengi. Taarifa zao zilichapishwa mfululizo, na juzuu ya 13 na ya mwisho ilitoka mwaka 2012, waanzilishi wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki.

Nawaheshimu sana kwa subira hiyo. Kabla yao mkulima wa zama za kati alijulikana kupitia daftari za bwana wake tu, yaani kupitia anachodaiwa. Pale Wharram alianza kuonekana kwa vitu vyake mwenyewe.

Hata hivyo ushahidi wa udongoni hausemi peke yake. Miaka mingi wachimbaji waliamini kwamba nyumba za wakulima zilikuwa vibanda dhaifu, vya kujengwa upya kila kizazi, kwa kuwa misingi waliyoikuta ilikuwa myembamba na ilipishana. Mwaka 1989 mwanaakiolojia Stuart Wrathmell aliusoma upya ushahidi huo huo na kuonyesha kwamba uzito wa paa haukubebwa na kuta. Ulibebwa na jozi za magogo makubwa yaliyopinda, yaliyokutana juu kwenye mtambaapanya. Ukuta uliweza kubomolewa na kujengwa tena mara kadhaa huku nyumba ikisimama ile ile vizazi na vizazi. Mkulima aliyedhaniwa kuishi kwenye kibanda akawa mwenye nyumba ndefu ya mbao imara, iliyogharimu fedha na kazi ya fundi. Badiliko hili linagusa kesi yetu moja kwa moja. Watu hawatoki katika nyumba ya namna hiyo kwa wepesi, na inapoachwa ianguke, kuna jambo zito limetokea.

Kanisa kama daftari la hesabu

Kama ningeruhusiwa shahidi mmoja tu katika kisa hiki, ningemwita kanisa la Mtakatifu Martin. Lilichimbwa ndani na nje kati ya 1962 na 1974, na historia yake inasomeka katika kuta.

Lilianza dogo, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na inaonekana jengo la kwanza kabisa lilikuwa la mbao. Likafuata la mawe. Katika karne ya 12 likajengwa kubwa zaidi, na mnara ukaongezwa. Watu walizidi kuongezeka, hivyo mwishoni mwa karne hiyo ukuta wa kusini ulitobolewa kwa matao na ubavu mzima ukaongezwa, kisha ubavu wa kaskazini ukafuata katika karne ya 13. Huo ndio wakati wa neema: mashamba yanalimwa hadi kwenye miteremko, wana wanapata viwanja vipya, parokia ina nguvu ya kulipa mafundi wa mawe.

Baada ya hapo jengo linaanza kupungua. Mbavu zile zilibomolewa, moja baada ya nyingine, na matao yakazibwa kwa mawe. Madirisha ya kuta zilizobomolewa yaliokolewa na kupachikwa ndani ya matao yaliyozibwa, na hadi leo yanaonekana hivyo. Baadaye hata sehemu ya madhabahu ikafupishwa. Jengo hili halikubomolewa na maadui. Lilipunguzwa na waumini wenyewe, kwa mpango na kwa uangalifu, kwa sababu hawakuwa wengi tena kiasi cha kulijaza wala kulitunza paa lake. Upungufu huo ulichukua vizazi kadhaa. Ukiwa na ushahidi huu mkononi, huwezi tena kuamini kwamba Wharram Percy iliuawa kwa pigo moja.

Waliozikwa

Ndani ya kanisa na katika uwanja wake yalifukuliwa mabaki ya watu 687. Si wa kijiji peke yake, kwa maana parokia ya Wharram Percy ilikuwa na vijiji vitano: Wharram Percy yenyewe, Thixendale, Raisthorpe, Burdale na Towthorpe, na maiti wa huko kote walibebwa juu ya vilima hadi kwa Mtakatifu Martin. Mifupa hiyo imechunguzwa kwa miaka mingi, zaidi na Simon Mays, mtaalamu wa mifupa ya kale.

Kemia ya mifupa ya watoto inaonyesha kwamba akina mama walinyonyesha hadi mtoto anapokaribia mwaka na nusu au miwili. Hiyo ni kinga kubwa mahali ambapo maji na uji vingeweza kuua. Lakini baada ya kuachishwa ziwa shida ilianza. Mtoto wa miaka 10 wa Wharram alikuwa mfupi kwa takriban sentimita 20 kuliko Mwingereza wa umri huo leo. Chakula kilikuwa haba, magonjwa hayakupumzika, na mwili ukaahirisha kukua. Waliopona waliendelea kurefuka taratibu hadi utu uzima, kwa hiyo mwanamume wa kawaida alifikia karibu sentimita 169, urefu usiotofautiana sana na wa leo. Ukitazama mifupa ya watu wazima tu utasema walilishwa vizuri. Ya watoto ndiyo inayosema kweli.

Kifua kikuu kilikuwapo, na katika mifupa ya watu tisa uchunguzi wa vinasaba uligundua kwamba ni kile cha kuambukizana binadamu kwa binadamu, si cha kutoka kwa ng'ombe kama ilivyotarajiwa kwa wafugaji waliolala chini ya paa moja na mifugo. Wanawake wazee walikuwa na mifupa iliyopungua uzito sawa na ya wanawake wa sasa, ingawa walifanya kazi za sulubu maisha yao yote. Na kuna mwanamume wa karibu miaka 40, aliyeishi kati ya miaka ya 960 na 1100, ambaye alipigwa kichwani kwa kitu kizito na fuvu likabonyea. Mtu mwenye ujuzi alikata na kuinua mfupa uliovunjika, na kidonda kikapona kabisa. Hatujazoea kumtafuta daktari wa upasuaji katika kijiji cha wakulima cha karne ya 11, lakini kazi ya mkono wake iko pale kwenye fuvu.

Kuna kundi la mifupa ambalo halikulala kwenye ardhi ya kanisa. Katika shimo katikati ya nyumba, wachimbaji wa miaka ya 1960 walikuta vipande 137 vya watu wasiopungua kumi, wanaume, wanawake na watoto, wa kati ya karne ya 11 na ya 14. Baadhi vimekatwa kwa kisu, vingine vimevunjwa, vingine vimeungua. Mwaka 2017 Mays na wenzake walitoa uchambuzi wao. Je, walikuwa wageni waliokataliwa? Strontiamu ya meno, elementi inayoingia kutoka kwenye chakula na maji ya mahali mtu alipokulia, inasema hapana, walikulia karibu na pale pale. Je, waliliwa wakati wa njaa? Alama za kisu zimekusanyika kichwani na shingoni, si kwenye viungo na minofu ambako mchinjaji angekata. Maelezo yanayokaa vyema zaidi ni kwamba waliofanya hivyo waliogopa wafu wasitembee, wakawakata na kuwachoma ili walale. Hofu hiyo haikuwa ngeni huko. William wa Newburgh, kasisi wa jimbo hilo hilo la Yorkshire, aliandika katika miaka ya 1190 visa vya maiti waliotoka makaburini kusumbua walio hai, na jinsi walivyotulizwa kwa kukatwa na kuchomwa.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama hadithi ya kutisha ya usiku. Mimi naona watu kumi ambao majirani zao waliwanyima kaburi la kanisani, mmoja wao akiwa mtoto mdogo, na kijiji kilichokuwa na hofu kali kiasi cha kumgeuka mfu wake mwenyewe. Umoja wa kijiji cha zamani husifiwa kupita kiasi. Ulikuwa na watu waliotupwa nje yake.

Miaka mia mbili ya kudhoofu

Sasa turudi kwenye mashtaka. Kati ya 1315 na 1317 mvua zisizokoma ziliozesha mazao karibu Ulaya Kaskazini yote, na magonjwa ya mifugo yakafuata. Mwaka 1322 jeshi la Waskoti lilishuka Yorkshire, likawashinda Waingereza karibu na Byland na kupora vijiji. Mwaka uliofuata hati ya urithi inaieleza Wharram Percy ikiwa na vinu vilivyobomoka na sehemu kubwa ya ardhi isiyolimwa. Hii ni miaka 26 kabla ya tauni. Kijiji kilikuwa kimeshachechemea.

Tauni ya 1349 ilichukua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Uingereza, na Wharram haikuepuka. Lakini mwaka 1368, karibu miaka 20 baadaye, bado zilihesabiwa nyumba kama 30. Nafasi za waliokufa zilijazwa. Kama tauni ingekuwa ndiyo muuaji, hesabu hiyo isingewezekana. Ilichofanya tauni ni kubadilisha thamani ya mkulima. Kabla yake ardhi ilikuwa adimu na mikono ilikuwa mingi, na mtwana alivumilia kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Baada yake mikono ndiyo ikawa adimu. Ujira ukapanda. Bwana wa kijiji cha bondeni chenye udongo mzito alimpokea mgeni bila kuuliza sana ametoka wapi, na miji nayo ilihitaji watu. Sheria za kuzuia ujira na kuwarudisha waliotoroka zilitungwa, na watu wakaendelea kuondoka.

Mwaka 1458 nyumba zilizokuwa na watu zilikuwa 16 hivi. Hapa ndipo ninapowapinga wanaomtwika Hilton mzigo wote. Nusu ya kijiji ilikuwa imeondoka yenyewe ndani ya miaka 90. Mwanahistoria Christopher Dyer amesisitiza kuhusu vijiji vingine vya namna hii kwamba mara nyingi wakulima ndio walioanza kuvihama, na mabwana wakaja baadaye kugeuza mabaki kuwa malisho. Naona hoja hiyo inaingia Wharram Percy barabara. Tena inampa mkulima heshima anayostahili. Katika simulizi ya kufukuzwa yeye hutendewa tu. Katika hii alipima udongo mwembamba, zaka, siku za kazi ya bwana na kanisa lisilo na watu, akalinganisha na alichosikia kutoka kwa ndugu aliyekwisha kuhama, akaamua.

Lakini kuondoka kwa wengine kuliwaumiza waliobaki. Kilimo cha mashamba ya wazi kilitegemea wengi: plau ilivutwa na ng'ombe wa kaya kadhaa kwa pamoja, mifugo ilichungwa pamoja juu ya mabua baada ya mavuno, mipaka ililindwa kwa makubaliano. Kaya 30 zinaweza kuufanya mfumo huo. Kaya 16 zinahangaika. Zikiwa nne, mfumo haupo tena, na wale wanne wanakalia ardhi ambayo kwa bwana ina faida kubwa zaidi ikiwa na kondoo na mchungaji mmoja. Bei ya nafaka ilikuwa chini, sufu ilitafutwa na wenye viwanda vya nguo, na chaki ya Wolds huota majani mafupi mazuri kwa kondoo.

Ukoo wa Percy ulikuwa umekwisha kubadilishana ardhi hii na Hilton mwanzoni mwa karne ya 15. Uchunguzi wa 1517 uliangalia matukio ya tangu 1488 tu, kwa hiyo ni katika miaka hiyo, karibu na 1500, kaya nne za mwisho zilipotolewa. Sipunguzi kosa la Hilton. Familia nne zilizong'ang'ania wakati kila mtu alikuwa na sababu ya kuondoka zilikuwa zimechagua kubaki, na uchaguzi huo akawanyang'anya. Sheria ya kuzuia ubomoaji wa namna hiyo ilikuwapo tangu 1489, na ilivunjwa. Shtaka ni la haki. Ila ni shtaka la kuzitoa kaya nne, si la kukiua kijiji cha kaya thelathini.

Ushahidi wa mwisho uko nje ya kijiji. Raisthorpe, Burdale na Towthorpe, vijiji ndugu vya parokia ile ile, navyo vilihamwa kwa nyakati tofauti hadi vikabaki mashamba ya kaya chache. Kati ya vitano, Thixendale pekee iliendelea kuwa kijiji. Ni watu wa Thixendale walioliweka hai kanisa la Mtakatifu Martin baada ya waumini wa karibu kwisha, wakitembea hadi bondeni kwa ibada, ndoa na maziko kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1870 Sir Tatton Sykes, bwana mwenye ardhi wa eneo hilo, aliwajengea kanisa lao wenyewe, na la zamani likapoteza sababu yake. Ibada ya mwisho ya kawaida ilifanyika mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya Beresford kufika. Kisha wezi wakavua mabati ya madini ya risasi yaliyofunika paa, na mwaka 1959 sehemu ya mnara ikaporomoka.